Mayu wa Kambini

Kidole gumba Apolinaria alikivumilia. Alifumba macho, akauma upindo wa khanga aliowekewa mdomoni, na binti yake Jenifa akakivuta kile kidole taratibu mpaka kikasimama. Cha shahada nacho kikaenda. Walipofika cha kati, ile ngozi mpya, nyekundu na laini, ilipasuka kidogo pembeni. Apolinaria akaguta. Na Jenifa, msichana aliyezoea kupasua magogo ya kuni bila kuomba msaada wa mtu, akauachia mkono wa mama yake, akatoka mbio mpaka nyuma ya jiko. Wakamsikia akitapika.

"Mwache mtoto," alisema Apolinaria, jasho likimtiririka puani. "Vitakaa hivyo hivyo."

"Havitakaa hivyo hivyo," alisema Vedasto, mumewe, ambaye muda wote alikuwa amechuchumaa mlangoni akijifanya anatengeneza mnyororo wa baiskeli. "Sista Consolatha alisemaje?"

Sista Consolatha, muuguzi, alikuwa amesema bila kuficha. Ngozi iliyoungua ikianza kupona hutafuta mwenzake. Kila kidole kifungwe na kitambaa chake, kisichanganywe na kingine, na asubuhi na jioni vinyooshwe vyote, hata mgonjwa akilia, la sivyo vitashikana kama mguu wa bata. "Anayemfanyia awe na huruma," alisema, "lakini isizidi. Mnanielewa?" Wote watatu waliitikia kwamba wameelewa.

Ilikuwa nta. Kila msimu Apolinaria alichemsha masega yaliyokwisha kukamuliwa asali, akiyatia kwenye gunia ndani ya sufuria kubwa na kulikandamiza kwa mti mpaka nta ikaelea. Safari hii gunia lilikuwa limechakaa. Lilipasuka, sufuria ikayumba, naye badala ya kuruka nyuma akaidaka kwa mikono miwili, kwa sababu mwanamke hawezi kuona chakula au mali ya nyumba inamwagika akaiacha. Maji ya moto huunguza yakapita. Nta haipiti. Inashika, inaganda, inaendelea kuunguza palepale ilipo. Mikono iliyokuwa ikipepeta na kusuka na kupiga kofi la salamu sasa ililala mapajani mwake kama vifurushi viwili vya mtu mwingine.

Vedasto alinawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akavuta kigoda, akakaa mbele ya mkewe. Vidole vyake vilikuwa vinene, vyenye makovu ya kuumwa na nyuki tangu ujana.

"Niangalie usoni, usiangalie mkono," alisema. "Nakutajia mizinga yangu. Ipo kumi, kama vidole. Wewe sikiliza tu, uniambie kama nimeruka."

"Mizinga yako naijua mimi?"

"Utaijua. Wa kwanza, wa Kisima." Kidole gumba. "Wa pili, wa Radi, ule mti uliopigwa ukabaki nusu." Cha shahada. "Wa tatu, wa Chui. Usinitazame hivyo, chui mwenyewe sijamwona, ni jina tu." Na cha kati kikanyooka, Apolinaria akiwa bado anafikiria chui.

Wa nne ulikuwa wa Mninga, wa tano wa Reli, maana ukiwa juu ya mti ule unasikia garimoshi likiingia Kigwa. Halafu akahamia mkono wa kushoto. Wa Njia Panda, wa Bibi, wa Nyegere. Vidole viwili vya mwisho, cha pete na kile kidogo, ndivyo vilivyoungua kuliko vyote. "Wa Baba," alisema polepole, akingoja kati ya pumzi na pumzi. "Wa Ng'ambo."

Apolinaria alikuwa analia, lakini hakuuvuta mkono hata mara moja. Alipofungwa bandeji ya mwisho alimtazama mumewe.

"Umejifunza wapi mambo haya?"

Vedasto alikusanya vitambaa vichafu, akatoka navyo nje.

* * *

Kesho yake alikuja Hilari, kaka mkubwa wa Vedasto na mkuu wa kambi ya asali. Alimkuta mdogo wake uani akikamua khanga ya Apolinaria na kuitandaza kwenye kamba. Hilari alishuka kwenye baiskeli, akatazama kwanza barabarani kama kuna mtu anapita.

"Unafua?"

"Naanika, kaka. Shikamoo."

"Marahaba. Kuanika na kufua ni watoto wa tumbo moja. Jenifa yuko wapi?"

"Ndiye aliyefua."

"Basi amalizie." Hilari akakaa kwenye kinu kilicholazwa chini, akavua kofia. "Kambi inaondoka Jumatatu."

"Mimi siendi."

"Huwezi kuniambia huendi. Mizinga yako imejaa. Nyegere wameanza kuzunguka, na moto wa nyika ukitangulia kufika tutakuta majivu. Dawa za shemeji utanunua kwa majani ya miti?" Kisha Hilari akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya chini sana, ili walioko ndani wasisikie: "Na sisi je? Nani atatupikia?"

Hapo ndipo palipokuwa na jambo. Kila mwaka, maua ya porini yakishapukutika, wanaume wa Kigwa wenye mizinga huenda msituni wiki kadhaa, na mwanamke hakanyagi kambi ile. Lakini mtu hawezi kushinda juu ya miti halafu jioni akajipikia. Kwa hiyo huchaguliwa mmoja wa kubaki kambini. Yeye huchota maji, husonga ugali, huwang'oa wenzake miiba ya nyuki, humkanda aliyeanguka na humwosha aliyeshikwa na homa. Jina lake ni Mayu, yaani mama, na hakuna anayecheka. Wazee walisema desturi hiyo ni ya tangu enzi za misafara, wapagazi walipokuwa wakipita hapa na mizigo kwenda pwani, na kila kundi lilikuwa na mayu wake. Jioni, wakishakula, mkuu wa kambi ndiye hutangulia kusema, "Mayu, nimeshiba," naye mayu hujibu, "Na kesho." Kabla ya hapo hakuna anayeruhusiwa kusimama. Na wakati wa kurudi, kwenye kijito cha mwisho, wanasugua masufuria kwa mchanga na kuliacha jina palepale. Halivuki maji.

Kila mwaka mizinga yake ikishapakuliwa, Vedasto alibaki kambini kuwa mayu, tangu Jenifa akiwa mchanga. Nyumbani kwake alikuwa akiuliza chumvi inawekwa wapi.

"Nitakwenda mimi," alisema Jenifa. Alikuwa amesimama mlangoni na beseni kiunoni.

"Wapi?" aliuliza Hilari.

"Kupakua mizinga ya baba. Kupanda najua. Baba abaki na mama, mimi ile mikono siiwezi, baba mkubwa. Nimejaribu. Nikimsikia mama analia miguu inaniishia."

"Miguu inakuishia kwa kilio, halafu upande mti wa mtundu?" Hilari alicheka. "Nyuki wakinusa mwanamke wanahama. Hujui?"

"Nyuki wenyewe ni wanawake. Shuleni tulifundishwa. Wale wote wanaofanya kazi na kuuma ni majike."

"Na mfalme wao?"

"Ni malkia."

Hilari alimgeukia mdogo wake kama anayesema, unasikia? "Hizo shule," alisema.

Aliyemaliza mabishano ni Mabruki. Huyu alikuwa mtu wa Tabora mjini, mzee wa Kimanyema mwenye kofia ya kufuma, rafiki wa Vedasto tangu ujana, na mizinga yake ilipakana na ya Vedasto porini. Alipopelekewa habari alisema, "Nyuki wangu hawana miiko, mimi mwenyewe nina ya kunitosha. Jenifa ni mwanangu. Atalala kwenye kibanda chake na mimi nitalaza mgongo mlangoni. Anayetaka kusema, aje aseme."

Hilari hakusema. Jumatatu waliondoka, Jenifa akiwa nyuma kabisa, amevaa suruali ya baba yake iliyofungwa kwa kamba, na ndoo ya bati ikigongagonga kwenye baiskeli.

* * *

Kazi za ndani hazikumshinda Vedasto. Kilichomshinda ni njia.

Njia ya kisimani ilimwona akipita na madumu. Njia ya mashine ya kusaga ilimwona amesimama kwenye mstari wa wanawake peke yao, na mmoja akasema, "Mpisheni mama mwenzetu, ana mgonjwa," wakampisha kweli, na kule kumpisha kukamuuma kuliko kama wangemkataza. Vijana wa kijiweni wakamwuliza, "Mzee, leo mboga gani?" Alipowajibu kwamba ni kisamvu, walilala chini kwa kicheko. Wengine hawakucheka, walitikisa kichwa na kusema amelishwa kitu, tena kizito, maana mwanamume hawezi kumwogesha mke wake kwa akili yake.

Aliyajua hayo yote na aliendelea. Asubuhi mizinga kumi, jioni mizinga kumi. Alimpeleka Apolinaria chooni akiwa amegeuzia uso pembeni, na Apolinaria naye uso wake pembeni, wakawa kama watu wawili waliogombana wanaopita mlango mmoja. "Afadhali ningeungua miguu," alisema Apolinaria siku moja. Vedasto akamjibu, "Ungeungua miguu ningekubeba. Ni yale yale."

Jumamosi alimsuka. Nywele zilikuwa zimeshikamana kwa kulala, kichwa kinamwasha, naye hana kidole cha kujikuna. Vedasto alizichambua kwa chanuo, akasuka twende kilioni. Mistari miwili ilikwenda vizuri. Wa tatu ulipotea njia kama ng'ombe aliyeona shamba. Apolinaria alijitazama kwenye kioo, akacheka mpaka akashika tumbo kwa viwiko. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu siku ya nta.

Jioni ile ile akina mama wa jumuiya walikuja kusali rozari. Walijaa chumbani, wengine wakakaa kwenye mkeka. Walipomaliza, Mama Xavery, mke wa Hilari, mwanamke mwenye moyo mwema na ulimi usiotulia, alimtazama mgonjwa kichwani.

"Shoga, nani kakusuka?"

Vedasto alikuwa nyuma ya mlango na birika la chai. Alisimama, akangoja.

"Jenifa," alisema Apolinaria.

Kila mtu Kigwa alijua kwamba Jenifa yuko porini tangu Jumatatu. Mmoja alibana pua, mwingine akakohoa, na kicheko kikatoka kama maji yanayopasua tuta. Mama Xavery aliwakemea akiwa na yeye machozi ya kucheka yanamtoka.

Vedasto aliweka birika sakafuni. Vicheko vya kijiweni alikuwa amevibeba, na vya mashineni pia. Hili neno moja lilimlemea. Jioni ile alifunga dirisha, akafanya vidole haraka haraka gizani, na hakutaja mzinga hata mmoja.

Baada ya siku chache akafika mtu aliyetoka kambini na madebe ya asali, akiwa na maneno ya Hilari. Watu wanakula ugali mbichi, wawili wanaharisha, mayu hakuna. Vedasto asipokuja, nafasi yake kambini atapewa mwingine na asiidai tena. Vedasto hakuomba ushauri. Alimwita Mama Xavery, akamwonyesha dawa, vitambaa na namna ya kufunga. "Na kuvinyoosha," alisema. "Hata akilia."

"Nenda, shemeji. Mimi ni mwanamke, hayo siyo mageni kwangu."

Apolinaria alikuwa amelala ameelekea ukutani. Hakugeuka kumuaga.

* * *

"Mayu! Mayu amefika!"

Walimlaki kwa vigelegele vya kiume, vile vya kukoroma. Mmoja akamkabidhi mwiko, mwingine akampokea baiskeli. Hilari alikuwa amekaa kwenye gogo, jicho moja limefumba kwa kuvimba, mdomo umepinda. Nyuki wa mzinga wake mwenyewe walikuwa wamemwingia ndani ya kofia.

"Njoo," alisema Vedasto.

Na Hilari, mkuu wa kambi, mwenye wajukuu, alilaza kichwa kwenye paja la mdogo wake na kufumba lile jicho lililobaki. Vedasto alikwangua miiba kwa ukucha, mmoja mmoja, bila kuiminya, kisha akampaka majani aliyoyatafuna. Hilari alikuwa akiguna kwa raha kama mtoto anayechanwa nywele. Hakuna aliyeona ajabu. Walikuwa ng'ambo ya kijito.

Jioni alipika uyoga mkavu kwa karanga, mzito, na ugali ulioiva. Wakala mpaka wakatafuta hewa. "Mayu, nimeshiba," alisema Hilari. "Na kesho," alijibu Vedasto, na wengine wakafuata. Ilikuwa raha. Mtu asikudanganye kwamba haikuwa raha. Kazi ile ile iliyomfanya awe kichekesho mashineni, huku ilimfanya awe nguzo.

Siku kadhaa zilipita hivyo. Jenifa alikuwa akiondoka na Mabruki alfajiri na kurudi na ndoo zimejaa, uso umevimba, shati limenata asali. Mzinga mmoja ulikutwa mtupu, na Hilari akapata la kusema. "Nilisema mimi. Wamehama."

"Mzinga huo mtupu tangu mwaka juzi, Hilari," alisema Mabruki. "Tena ni wako. Huyu binti hajaugusa."

Jioni moja Jenifa alikaa karibu na moto, baba yake akimtoa mwiba sikioni. Alikuwa ametulia, macho kwenye sufuria.

"Baba. Nani anamnyoosha mama vidole?"

"Mama Xavery."

"Mama Xavery huyu wa baba mkubwa? Anayelia akimshika kuku wa kuchinja?"

Vedasto aliliachia lile sikio. Akasimama, akaanza kufunga blanketi lake.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Hilari. "Sufuria iko motoni."

"Korogeni."

"Vedasto, ukiondoka usiku huu, mwakani usije. Nasema mbele ya watu. Na uache ujinga, huko nyumbani kuna wanawake."

"Wapo," alisema Vedasto, akavuta baiskeli yake.

* * *

Mama Xavery alimlaki uani kwa furaha. "Mgonjwa hajambo kabisa, shemeji. Tangu umeondoka hajalia hata siku moja."

Vedasto aliingia ndani moja kwa moja. Mikono ya Apolinaria ilikuwa safi, imepakwa dawa vizuri, imefungwa kwa vitambaa vilivyofuliwa vikanyooka. Lakini kila mkono ulikuwa umefungwa wote pamoja, mviringo mmoja, kama mtu anayefungasha mkate. Alifungua. Vidole vingi vilikuwa vimekakamaa tu. Vile viwili vya mwisho vya kushoto vilikuwa vimekuwa kimoja.

"Alikuwa anaumia," alisema Mama Xavery nyuma yake. "Nikisema nivute ananitazama. Ningefanyaje, nimtese mwenzangu?"

Wakaenda zahanati, na Sista Consolatha akaugeuza mkono ule. "Hivi viwili sivigusi," alisema. "Ukivivuta sasa utavipasua. Labda hospitali kubwa, kwa upasuaji, siku za mbele. Siahidi. Hivi vingine nane bado vinaokoka, kama mtaanza leo. Nani alikuwa anamfanyia?"

"Mimi," alisema Vedasto.

"Ulikuwa wapi?"

"Porini."

"Ukifanya nini?"

Vedasto alitazama viatu vyake. "Nikipika."

Sista alidhani anatania, akakasirika. Apolinaria hakudhani hivyo. Aligeuza uso, akamtazama mumewe kama anayemwona mtu akitoka kwenye nyumba isiyo yake.

Walirudi polepole, Apolinaria ameketi kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, Vedasto akiikokota. Walipoivuka reli ndipo Apolinaria alipofungua mdomo.

"Ukipika?"

Vedasto akamweleza yote: jina, mwiko, miiba, kijito. Apolinaria alisikiliza mpaka mwisho.

"Miaka yote hiyo," alisema. "Nilipougua tumbo, nikatambaa mpaka jikoni nikupikie, wewe ukakaa pale kwenye kiti unasubiri. Nikasema moyoni, ndivyo walivyoumbwa, hajui. Kumbe unajua."

"Kule ni porini, Mama Jenifa."

"Na mimi hapa ni wapi?"

Baiskeli ililia kwenye mchanga. Baada ya hatua kadhaa Apolinaria alisema tena, kwa sauti nyingine, "Na mimi siku ile ya rozari nilikiona kivuli chako chini ya mlango. Nilijua uko pale. Bado nikasema Jenifa. Niliona haya watu kujua nina mume wa namna hiyo." Akavuta pumzi. "Tumevifunga pamoja hivi vidole, mimi na wewe. Tusimsingizie mke wa kaka yako peke yake."

Walipofika nyumbani Vedasto alianza kumwelekeza chumbani. Apolinaria alisimama katikati ya ua.

"Lete kigoda hapa," alisema. "Ndani kuna giza. Huoni ngozi inapotaka kupasuka."

"Hapa? Watu wanapita."

"Wanapita, ndiyo. Wana miguu."

Akaleta kigoda.

* * *

Kambi ilirudi siku ya gulio. Mabruki na Jenifa walikuja moja kwa moja, asali ya mizinga kumi imefungwa kwenye madebe. Hilari alikuja nao, kwa sababu mkuu wa kambi hufikisha mwenyewe asali ya mtu aliyetoka kambini kabla ya wakati. Ni sheria, na Hilari alikuwa mtu wa sheria. Alishusha madebe, akataka kuondoka.

"Kula kwanza, shemeji," alisema Apolinaria. "Hamjala tangu asubuhi, midomo inaonyesha."

Hilari alikaa pembeni ya mkeka, mgongo kwa barabara. Vedasto alileta maji ya kunawa, akaleta ugali, akaleta bakuli na kulifunua. Uyoga kwa karanga. Hilari alitia tonge la kwanza mdomoni, akaacha kutafuna. Akamtazama mdogo wake, akatazama bakuli, akaendelea kula. Walikula wote mpaka bakuli likang'aa.

Vedasto alikuwa ameshahamia kwenye kigoda, mbele ya mkewe, anafungua vitambaa. Muda wa vidole ulikuwa umefika. Pale mkekani hakuna aliyesimama. Mabruki alifuta mdomo, akatazama angani. Jenifa alikunja miguu vizuri zaidi. Wote wawili walikuwa wanangoja, na Hilari alijua wanangoja nini.

Hilari akavaa kofia. Akasimama, akashika baiskeli yake, akaikokota mpaka barabarani. Wanawake waliotoka gulioni walikuwa wanapita na vikapu, wakamwamkia, akaitikia. Mguu mmoja aliuweka kwenye pedali. Nyuma yake alisikia sauti ya mdogo wake, ileile ya kambini, ikitaja: wa Kisima. Wa Radi. Halafu mguno wa Apolinaria, na sauti ikingoja, ikaendelea.

Aliilaza baiskeli palepale barabarani. Akarudi mpaka mkekani, akaketi mahali pake kama hakuwa ameondoka. Ndipo alipouona mkono wa kushoto wa shemeji yake uliofunguliwa, na vile vidole viwili ndani ya ngozi moja. Alivitazama. Midomo yake ilihesabu siku alizomweka Vedasto kambini, kisha ikaacha.

"Mayu," alisema, na wanawake wa gulio bado walikuwa hawajamaliza kupita, "nimeshiba."

"Na kesho," alisema Vedasto, bila kuinua kichwa.

Mabruki akasema lake, Jenifa lake. Barabarani mmoja alimwuliza mwenzake wamesemaje. Vedasto alikuwa kwenye mzinga wa Njia Panda. Wa Bibi. Wa Nyegere, kidole cha kati, kikanyooka. Hapo alinyamaza, kama alivyonyamaza kila siku tangu walipotoka kwa Sista, akachukua kitambaa aanze kufunga.

Apolinaria hakumpa mkono. Aliushikilia hewani kati yao wawili, akaitaja mizinga iliyobaki yeye mwenyewe, taratibu, asiruke hata mmoja.

"Wa Baba," alisema. "Wa Ng'ambo."